Kigelegele Katika Shamba la Ulezi

Jumatatu, 27 Mei

Nimefagia kanisa. Zamu ilikuwa ya Mama Edita, lakini Mama Edita huumwa mgongo kila Jumatatu. Popo wamerudi juu ya altare. Nimepangusa mabenchi yote, la nyuma nimelimalizia kwa sababu ni langu. Ubao umelika pale ninapokaa. Miaka ishirini na tatu.

Jumapili ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Maandamano yatatoka kigangoni kwetu hadi msalaba wa kule shuleni. Nimepewa kazi ya maua na ya kufua vitambaa vya altare. Nitavipiga pasi mwenyewe, Yesu atawekwa juu yake, watu watapanga mstari kwenda kukomunika, na mimi nitabaki nimekaa. Nimeshazoea.

Uongo. Sijazoea. Hili ni daftari langu, halisomwi na mtu, niandike ukweli.

Padre ndiye alituanzishia haya kwenye mafungo ya Kwaresima. Kina mama wote tuandike kila siku jambo moja ambalo Mungu ametutendea. Wenzangu waliandika wiki moja wakachoka. Mimi nimemaliza daftari la kwanza, hili la pili. Leo Mungu amenitendea nini? Maharage yaliungua chini tu, juu yamebaki mazima.

Jumanne, 28 Mei

Baridi ya kukata vidole. Nimefua vitambaa na maji ya mtoni, mpaka sasa kalamu inanitoka.

Tekla, kitinda mimba wangu, anasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Leo ameniuliza mbona mimi siendi mbele na wenzangu. Nikamwambia akachote maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jibu lenyewe ni fupi. Baba yake alifunga ndoa kanisani na Sabina kabla hajanijua mimi. Sabina aliishi naye hapa misimu miwili tu ya kilimo, akashuka bondeni, Kaoze, akaolewa kienyeji na mtu mwingine. Baba Fausta, ndiye mume wangu, akanichukua mimi. Mbele ya Kanisa mke wake ni Sabina. Mimi nimezaa watoto wanne, nimemzika mama yake, nimelima haya mashamba yote, na bado ni mgeni. Padre wa zamani alijaribu kupeleka shauri jimboni. Sabina aliitwa kutoa maelezo, hakupanda. Mambo yakaishia hapo.

Nampenda Mungu na nampenda mume wangu. Nimechoka kuambiwa nichague.

Jumatano, 29 Mei

Sabina amekufa.

Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa shambani kwangu, tunavuna ulezi, kina mama sita wa jumuiya. Leo kwangu, kesho kwa mwingine. Kila mtu na kisu chake na kikapu. Simu ikalia. Fausta, binti yangu mkubwa, yuko mjini Izia, anashona nguo. Mteja wake mmoja ametoka Kaoze. Akaniambia, "Mama, yule mama wa bondeni amefariki. Wamemzika Jumamosi."

Nikapiga kigelegele.

Sikukipanga. Kilitoka chenyewe, kirefu, kile cha harusini, kile ambacho parokia nzima hunisifia. Mama Edita akaitikia kwa chake, akadhani Fausta amepata mchumba. Wengine wakadakia. Tukawa sita tunapiga vigelegele katikati ya ulezi. Halafu wakauliza, ni nani, anaoa nani?

Nikawaambia, Sabina amekufa.

Visu vikasimama. Mama Edita akafanya ishara ya msalaba polepole sana, macho yako kwangu. Tukaendelea kuvuna. Nilivuna vikapu viwili zaidi ya kawaida yangu, nguvu sijui zilitoka wapi.

Alhamisi, 30 Mei

Nimefurahi mtu amekufa. Nimeandika, na likae hapo.

Najaribu kusikitika. Nimesali Baba Yetu kwa ajili yake, nikifika "utusamehe makosa yetu" tayari niko kwenye gauni la harusi. Rangi gani? Nyeupe sistahili na watoto wanne. Maziwa labda. Maziwa ni nzuri.

Baba Fausta nilimwambia jana akiwa anakaza nati za plau. Aliacha kazi akakaa juu ya gogo mpaka jua likahama. Hakulia. Leo amesema, "Alikuwa anaogopa sana baridi." Basi. Miaka yote hii, ni neno la kwanza kumsikia akisema juu yake.

Nilimwonea wivu marehemu kwa hilo neno moja. Sina akili.

Jumapili, 2 Juni

Maandamano yamependeza! Watoto wamemwaga maua mpaka vumbi halikuonekana. Wakati wa kukomunika nilibaki kwenye benchi langu kama siku zote, lakini miguu ilikuwa inacheza. Nikasema moyoni, Bwana, mwaka huu huu.

Baada ya misa nimemngoja padre nje ya sakristia. Ni kijana wa Mbeya, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, lakini ana kichwa kitulivu. Nilimweleza haraka mpaka akaniomba nianze upya. Akasema ndiyo. Mama Fausta, ndiyo, inawezekana. Anahitaji barua ya paroko wa bondeni inayothibitisha kifo, na kwa kuwa Sabina alifia nyumbani, ndugu wa damu aweke sahihi. Barua ikifika, matangazo Jumapili tatu, halafu ndoa.

Nikataka kupiga kigelegele kingine pale pale. Nikajiziba mdomo na kanga.

Halafu akaniuliza, "Mmeshakwenda kuwapa pole?" Nikaangalia viatu vyake. Ana viatu vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Baba Fausta amepata namba ya Paulina, dada mkubwa wa Sabina. Ndiye ndugu pekee aliyebaki. Amempigia leo mchana, mimi nimekaa pembeni sauti ikiwa imefunguliwa.

Amempa pole. Yule mama ameipokea vizuri. Baba Fausta akaeleza habari ya barua. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha Paulina akasema, nanukuu maana maneno haya hayatanitoka mpaka nife:

"Mwambie huyo mwenye vigelegele aje avipige hapa, juu ya kaburi. Nikivisikia kwa masikio yangu nitatia sahihi."

Akakata.

Alhamisi, 6 Juni

Ni Mama Edita. Dada yake ameolewa Kaoze. Kigelegele changu kilishuka ule mlima kabla sijamaliza kuvuna.

Nimekwenda kwake. Nilikuwa na maneno mengi. Nimemkuta anapepeta, akaniambia karibu, akanipa kigoda, akasema, "Mimi nilisema tu kilichotokea." Na ndicho kilichotokea. Nikanywa togwa yake nikarudi. Hasira ninazo bado, ila sina pa kuziweka.

Jumamosi, 8 Juni

Siendi. Nitapigiwa kelele na kijiji kizima cha watu nisiowajua. Nitabaki kwenye benchi langu. Wako wanawake wengine parokiani wenye shida kama yangu, wanaishi, wananenepa.

Baadaye. Tekla ametoka mafundisho. Tarehe ya Komunyo yao ya Kwanza imetangazwa, mwishoni mwa Julai. Kila mtoto atakwenda mbele katikati ya wazazi wake, na wazazi watakomunika pamoja naye. Ameniambia huku anafunga kamba ya kiatu, hakuinua uso. Ameshajua jibu. Ana miaka kumi na ameshajifunza kutoniuliza.

Nakwenda.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia Baba Fausta twende wote. Amekubali upesi nikashangaa. Amenyoa ndevu leo, na safari ni keshokutwa. Nimeandaa unga wa ulezi debe moja, maharage, na kuku wawili. Msibani hakuendwi mikono mitupu, hata kama mtu anakwenda kutukanwa.

Sijawahi kushuka bondeni maisha yangu yote. Mimi na huu umri! Naogopa, na nimefurahi kwa safari kama mtoto, vyote pamoja. Ningekwenda kuungama kwanza, lakini kwa hali yangu hata maondoleo ya dhambi sipewi. Nimesali rozari nzima nikichambua mchicha.

Alhamisi, 13 Juni

Izia, kwa Fausta. Tumefika mchana. Chumba chake kimoja, cherehani mlangoni, vitambaa kila mahali. Ametupikia wali. Amenipima mabega na kiuno bila kuniuliza. Nikamwambia aache, barua haijapatikana. Akasema, "Mama, vipimo havidhuru." Ameandika ukutani kwa chaki.

Mtoto huyu alipewa jina la bibi yake mzaa baba, lakini ubishi ni wangu.

Ijumaa, 14 Juni

Kaoze. Naandika nikiwa nyumbani kwa Paulina, chini ya kibanda cha nje, jua bado liko juu.

Gari lilitoka mjini alfajiri. Mpaka ukingoni nilikuwa na sweta mbili. Kisha ardhi ikaisha, kweli, ikaisha, na bonde lote likawa chini ya miguu, ziwa linameta kwa mbali. Nikasema kwa sauti, Yesu wangu! Abiria wakacheka. Kona baada ya kona. Sweta moja, halafu ya pili, halafu kilemba. Tulipofika chini nilikuwa natoka jasho na nimependa kila kitu. Ng'ombe wengi hivyo sijawahi kuona. Mashamba ya mpunga. Watu wanatembea polepole, kwa joto lile nimewaelewa.

Mlangoni kwa Paulina nikajifunga kanga upya. Nikasalimia, shikamoo dada. Akaitikia marahaba. Ni mama mkubwa wa mwili, ana macho makali. Akapokea unga, akapokea kuku, akatupa maji. Hakutabasamu. Alikuwepo pia mwanamume mrefu, mnyamavu, na fimbo ya kuchungia. Mzee Masanja, Msukuma, mume wa Sabina wa huku. Yeye na Baba Fausta walishikana mikono. Masanja akasema pole, Baba Fausta akasema pole. Kila mmoja alimpa mwenzake pole ya mke yule yule. Sikujua nitazame wapi.

Kisha Paulina akasimama, akasema, "Haya, twende."

Kaburi liko nyuma ya shamba, udongo bado mwekundu. Tulikwenda wote wanne. Akanionesha kwa mkono pa kusimama. Akasema, "Piga."

Sikuweza. Nilifungua mdomo, hakikutoka. Mimi, ninayeitwa kwenye harusi za vijiji vitatu. Nikajaribu basi kulia, nikaona ndilo linalotakiwa. Machozi nayo yakagoma. Nikabaki nimesimama tu, mdomo wazi, mtu mzima. Mwishowe nikapiga magoti nikasema ukweli, maana hakikubaki kingine. Nikasema, dada, nilifurahi. Nikikuambia sikufurahi nitakuwa namdanganya marehemu akiwa hapa hapa. Nina miaka ishirini na tatu sijakomunika. Nilimwona Sabina kama kufuli. Naomba radhi.

Paulina akakaa chini, juu ya udongo, kwa uzito wake wote. Akaanza kusema, na sasa naandika kama alivyosema.

Sabina alikuwa anafagia kanisa la Kaoze. Kila Jumamosi. Alikuwa anafua vitambaa. Alikuwa anakaa benchi la nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu Kizito mume wake wa ndoa alikuwa hai huko juu. Masanja alibatizwa kwa ajili yake, na yeye akabaki benchi la nyuma pamoja naye. Shauri la jimboni, barua ya wito haikumfikia kamwe. Angeipata angepanda kwa magoti.

Upande wa kushoto. Langu pia liko kushoto.

Kila gari lililoshuka kutoka juu, Sabina alikuwa anakwenda kuuliza, "Kizito hajambo?" Kila gari. Watu wakasema bado anampenda, na Masanja akaumia miaka mingi. Mpaka siku moja Paulina akamwuliza, na Sabina akamjibu kwamba hampendi wala hamchukii, anataka tu kujua kama ameshakufa.

Nikacheka. Mungu nisamehe, juu ya kaburi, kicheko kikanitoka kama kile kigelegele kilivyonitoka. Nikajishika mdomo. Nikaona mabega ya Paulina yanatikisika. Alikuwa anacheka na yeye, machozi yanamtiririka. Akasema, "Na angekufa Kizito, mdogo wangu angepiga vigelegele kuliko wewe. Nilimjua."

Hapo ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, na Paulina akanishika, tukalia wote wawili mpaka kilemba changu kikaanguka. Baba Fausta alikuwa ameinama, anakwangua tope kwenye kiatu ambacho hakikuwa na tope.

Nikauliza kama alikomunika kabla ya kufa. Masanja ndiye aliyejibu. Padre alikuwa kwenye vigango vya mbali. Alifika Jumamosi, kuzika.

Jumamosi, 15 Juni

Paulina ametia sahihi. Paroko ameandika barua, ameipiga muhuri. Nimeikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, kitabu ndani ya kanga, kanga ndani ya kikapu. Kila baada ya dakika chache naigusa.

Kwa nini Sabina alimwacha Baba Fausta? Nimeuliza, sasa naweza. Paulina amesema, "Baridi. Na mama mkwe." Mama mkwe yule nilimuuguza mimi mpaka mwisho. Sina la kuongeza.

Wakati wa kuondoka Masanja ameleta gunia la mchele, amelipakia mwenyewe garini. Amesema ni mchele wa Sabina, aliupanda na kuupalilia yeye, akavuna ameshaanza kuumwa. Ni wa harusi. Nilisema hatuwezi kupokea. Akasema, "Alikuwa ameuweka kwa ajili ya harusi. Yetu. Sasa iwe yenu." Kisha akaenda kwa ng'ombe wake bila kuaga.

Tulipanda mlima na gunia miguuni. Kwenye kona za juu, baridi ilipoanza, Baba Fausta alifunga kifungo cha shingoni. Akasema, "Kumbe nilikuwa nimewafungia wanawake wawili." Nikamwambia, ndiyo. Nikampa sweta yangu moja.

Jumapili, 30 Juni

Tangazo la kwanza! Katekista amesoma jina langu mbele ya watu wote. Anastazia. Nilikuwa nimesahau kwamba nina jina, huku nikiitwa Mama Fausta miaka yote. "Yeyote anayejua kizuizi atoe taarifa." Nikageuka kumtazama Mama Edita. Alikuwa anatazama dari.

Nimemchagua awe msimamizi wangu. Amelia. Watu wananiuliza nimepatwa na nini. Nawaambia mdomo ule ule uliolipeleka jambo bondeni uende ukalishuhudie likiisha. Na kusema kweli, togwa yake ni nzuri.

Jumapili, 7 Julai

Tangazo la pili. Fausta ametuma gauni na gari la mizigo. Rangi ya maziwa. Limenibana kwapani, nitapumua kidogo kidogo.

Kina mama wameanza kuchambua mchele. Nimewaambia ni wa nani. Hakuna aliyekataa kuugusa. Mmoja alisema una harufu nzuri.

Jumanne, 9 Julai

Nimemwambia Tekla. Nilimweka juu ya kigoda nikamweleza yote, Sabina, ndoa, benchi, kigelegele. Alisikiliza vizuri. Akauliza swali moja, kama siku yake nitakuwa upande wa kulia au wa kushoto. Nikamwambia achague mwenyewe. Amekwenda kucheza, mara akarudi mbio kusema kulia. Baba yake kushoto.

Nimelia kwenye kitunguu, na kitunguu hakikuwepo.

Jumapili, 14 Julai

Tangazo la tatu. Hakuna kizuizi.

Hakuna kizuizi! Nimeliandika mara mbili, nitaliandika mara ya tatu. Hakuna kizuizi.

Ijumaa, 19 Julai

Nimeungama leo. Nilikaa humo ndani mpaka watu nje wakaanza kukohoa. Niliungama kile kigelegele. Padre akaniuliza kama ninakijutia. Nikamwambia nakijutia nusu. Nadhani alikuwa anazuia kicheko. Akasema nusu nyingine nimwachie Mungu aifanyie kazi.

Nimetoka mwepesi. Nimepita benchi langu nikaligusa.

Pombe ya ulezi iko tayari, ng'ombe amepatikana. Baba Fausta amefua shati lake mwenyewe, limekuwa na mabaka. Nimelifua upya akiwa hayupo.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeolewa!

Naandika haraka, ngoma inapigwa nje na Fausta ananiita. Nitasahau nisipoandika.

Upepo ulikuwa mkali, shela likapaa, Mama Edita akalikimbiza mpaka kwa mbuzi. Baba Fausta aliulizwa kama amekuja kwa hiari yake akajibu "Nimekuja" kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kanisa lote likacheka. Pete iligoma kwenye kifundo cha kidole changu, vidole vya jembe hivi, padre akasema mpake mate, mama. Nikapaka mate. Ikaingia.

Kisha mstari wa kukomunika. Sisi wa kwanza.

Nilikuwa nimeota siku hii mara nyingi. Padre akainua. Nikapokea.

Hapo hapo nyuma ya kanisa kikapigwa kigelegele. Kirefu, cha sauti nzito, si cha kijiji chetu. Najua sauti zote za hapa. Niligeuka, haifai kugeuka lakini niligeuka. Benchi la nyuma, upande wa kushoto, mahali pangu kabisa, mama mkubwa wa mwili amevaa sweta ya kuazima na kanga tatu juu yake, anatetemeka kwa baridi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Paulina. Amepanda mlima ule kutoka Kaoze hakumwambia mtu.

Kanisa zima likaitikia.

Jumapili, 28 Julai

Komunyo ya Kwanza ya Tekla. Kulia mimi, kushoto baba yake. Alikuwa ameshika mikono yetu wote wawili, akatuachia dakika ya mwisho tu ili afumbate mikono.

Wageni wameondoka. Paulina alikaa siku nne akalalamika baridi siku nne. Amerudi na unga wa ulezi na sweta yangu. Masanja hakuja. Alituma salamu, na nimemtumia pilau kwenye ndoo yenye mfuniko, ule ule mchele wake. Sijui ilifika ikiwa nzima.

Baada ya misa nimefagia. Zamu ilikuwa ya Mama Edita, naye mgongo umehamia Jumapili. Popo wapo. Nimepangusa mabenchi, la nyuma mwisho. Sasa naweza kukaa mbele, kiti kipo, wenzangu wananiita. Nimekaa nyuma leo tena. Pananikaa vizuri.

Jambo moja sijamwambia mtu, hata Baba Fausta. Siku ile ya ndoa, padre aliposema "Mwili wa Kristo", nilijibu Amina, na kabla sijapokea nikajibu tena, Amina. Akanitazama, akadhani ni woga. Leo mbele ya Tekla nimefanya vivyo hivyo. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya Sabina.